Historia fupi ya kupiga simu nyumbani, na kwa nini ilitugharimu sana

Nimekuwa kimya kwa majuma matatu. Kazi ilinibana, na mfumo wa mteja mmoja ulikuwa unaanguka kila Ijumaa jioni kana kwamba una miadi. Haya, nimerudi.

Leo siandiki kuhusu programu mpya. Binamu yangu amepata kazi ya hotelini Dubai na anasafiri mwezi ujao. Jumapili iliyopita alikuja kwetu Kangemi kuaga, na baada ya chai akaniuliza: "Wewe ndiye mtu wa kompyuta. Nitapigaje simu nyumbani bila kumaliza mshahara?" Nikajibu upesi kama tunavyojibu siku hizi: WhatsApp, basi. Baba, aliyekuwa akisoma gazeti pembeni, akalikunja akacheka. Akasema swali hilo alishaulizwa na shangazi yangu mwaka wa 1996, kabla sijazaliwa, na jibu lake pia lilikuwa rahisi, na pia halikuwa la kweli.

Basi nikaanza kuchimba. Nilichokipata ni hiki: kwa sehemu kubwa ya historia yetu, bei ya kupiga simu nyumbani haikuamuliwa na umbali wala waya. Iliamuliwa na nani ameruhusiwa kuibeba sauti yako. Ukilielewa hilo, utaelewa pia kwa nini jibu langu kwa binamu lilikuwa na kasoro.

Tuanzie mjini.

Haile Selassie Avenue, katikati ya jiji, kuna jengo la Extelcoms. Wengi tunapita hapo bila kujua jina hilo lilitoka wapi. Lilikuwa jina la kampuni ya mawasiliano ya nje ya Afrika Mashariki, iliyoshughulikia simu na telegramu za ng'ambo wakati Kenya, Uganda na Tanzania zilipokuwa na shirika moja la posta na simu. Jumuiya ilipovunjika mwaka wa 1977 kila nchi ikachukua chake. Hapa kwetu likazaliwa Shirika la Posta na Simu, lile KPTC la wazee wetu, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kazi ya simu za nje ikaingizwa humo. Jengo likabaki na jina la zamani.

(Jambo moja la kufurahisha: jumuiya ilivunjika lakini simu zake hazikusikia habari. Mkenya aliyempigia mtu wa Uganda alianza na 006, wa Tanzania 007, na wao wakitupigia sisi walianza na 005. Nambari ya 000 ilikuwa ya kwenda ng'ambo. Yaani kwa upande wa simu tuliendelea kuwa jirani hata tulipogombana.)

Shangazi alikwenda Massachusetts kusomea uuguzi. Kangemi wakati huo hatukuwa na simu nyumbani. Baba alifanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi Westlands, na mwenye duka alikuwa na simu. Utaratibu wao ulikuwa hivi: shangazi anaandika barua, anataja siku na saa, barua inafika baada ya majuma mawili, baba anahakikisha yuko karibu na meza ya tajiri saa hiyo. Simu ikilia, dakika tano. Kama laini ilikuwa mbovu siku hiyo, basi, mpaka barua nyingine.

Mwaka wa 1998 babu yangu alifariki, siku ya Jumamosi usiku. Jumapili duka limefungwa. Kukhu, yaani nyanya yangu, akasema mtoto wake asisikie habari hiyo kwa barua. Wakachangishana pale pale matangani, na baba akashuka mjini hadi Extelcoms. Unamwandikia karani nambari kwenye karatasi, unalipa, unakaa kwenye benchi mpaka uitwe uingie kibandani. Baba alilipia dakika tatu. Mama anasema pesa hizo zingetosha mboga ya nyumba nzima kwa majuma mawili, na si sukuma pekee.

Dakika ya kwanza iliishia kwa msichana mwingine aliyepokea simu na kwenda kumwamsha shangazi. Dakika ya pili ilikuwa ya kugongana: baba akisema, shangazi naye anasema "haloo, haloo", wote wananyamaza, wote wanaanza tena. Baba alisema "Mzee ametuacha" mara mbili. Mara ya pili hakujua kama imesikika, kwa sababu laini ilikatika. Ilikuwa imesikika. Lakini shangazi alikaa siku kumi bila kujua mzee aliugua nini, atazikwa lini, na nani alikuwa naye. Mpaka leo baba husema: "Nilinunua dakika tatu, nikatumia moja."

Kule kugongana kwa maneno kulikuwa na sababu. Simu zetu za ng'ambo zilipitia kituo cha setilaiti cha Longonot, kule Bonde la Ufa, kilichofunguliwa mwaka wa 1970. Setilaiti za aina ile hukaa juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Sauti inapanda kilomita 36,000, inashuka 36,000, jumla 72,000. Hata kwa mwendo wa mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, hiyo ni karibu robo sekunde. Mwenzako akijibu papo hapo, jibu nalo linachukua robo nyingine. Nusu sekunde ya kimya inatosha kabisa kumfanya mtu aliyefiwa afikiri hajasikika, aanze tena.

Hilo la kuchelewa lilikuwa la fizikia, hatuwezi kumlaumu mtu. Bei je?

Hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho hawakutufundisha katika shahada ya kompyuta. Chini ya mpango wa zamani, mashirika ya simu ya dunia yalikubaliana wawili wawili juu ya ada ya kila dakika. Shangazi akipiga kutoka Marekani, kampuni ya Marekani ilimtoza yeye, kisha ikaigawia KPTC sehemu yake kwa kuifikisha simu hapa. Kwa kuwa waliopiga kutoka nchi tajiri walikuwa wengi kuliko waliopiga kwenda huko, mwisho wa hesabu fedha za kigeni zilimiminika upande wetu. Serikali nyingi za nchi maskini zilizipenda sana fedha hizo, na ukweli ni kwamba nyingine zilijengea mitandao. Lakini nani alikuwa analipa? Ni shangazi yangu, anayeosha wagonjwa zamu ya usiku ili alipe karo.

Mwaka wa 1997 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliamua yenyewe kuweka viwango: kampuni zake zisilipe zaidi ya senti 15 hadi 23 za dola kwa dakika, kutegemea kipato cha nchi inayopigiwa. Nchi nyingi zilipiga kelele kwamba zimeingiliwa. Lakini zingatia hilo, ndugu msomaji: hakuna waya uliobadilishwa, hakuna setilaiti iliyosogezwa. Kalamu tu, na bei ya dakika ikaanza kushuka.

Penye ukuta, watu hutafuta ngazi. Ngazi ya kwanza ilikuwa ujanja wa kupigiwa. Kwa kuwa simu kutoka Marekani ilikuwa rahisi kuliko simu kwenda Marekani, kampuni za huko ziliweka kompyuta: wewe unapiga nambari fulani, inalia mara moja, unakata. Kompyuta inakupigia na kukupa laini ya Marekani, kwa bei ya Marekani. Mashirika ya simu ya nchi nyingi yaliuona huo kuwa wizi na kuupiga marufuku.

Sasa linganisha na tulivyofanya sisi baada ya Safaricom na Kencell kuingia sokoni mwaka wa 2000. Huna salio? Unapiga, inalia mara moja, unakata. Mwenye pesa atapiga. Wakenya tuliita kuflashi, Watanzania wakaita kubipu. Ni mbinu ile ile ya kompyuta za Marekani, ila huku iligunduliwa na wanafunzi na wachuuzi wasio na pesa. Kukhu, ambaye hajui kusoma, aliielewa siku ya kwanza.

Ngazi ya pili ilikuwa kadi za kukwangua. Shangazi alizinunua dukani, za dola tano, zenye picha ya simba au bendera, na zimeandikwa dakika nyingi za kupiga Afrika. Unapiga nambari ya bure, unaingiza tarakimu za siri, mama mmoja wa mashine anakuambia una dakika ngapi. Shangazi alishangaa kwa nini dakika zake huisha mapema kila mara, akadhani ni yeye anayependa kuongea. Kumbe si yeye. Kulikuwa na ada ya kuunganisha, ada ya wiki, na kuhesabiwa dakika nzima hata ukiongea sekunde kumi. Mwaka wa 2008 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilishtaki baadhi ya wauzaji wa kadi. Majaribio yake yalionyesha kadi zikitoa karibu nusu tu ya dakika zilizotangazwa. Waliokuwa wakiibiwa ni watu wasioweza kulalamika: wahamiaji, wanafunzi, watu wa zamu za usiku.

Ngazi ya tatu ndiyo inayonihusu mimi kama mtu wa programu, nayo ni intaneti.

Sauti ya simu ya kawaida ya kidijitali huchukua kilobiti 64 kwa sekunde. Hesabu zilizobuniwa miaka ya 1990 zinaweza kuibana hadi kilobiti 8 na bado ukamtambua mama yako. Ukishaibana hivyo, sauti ni faili tu kama barua pepe. Unaikata vipande, unavituma, vinaunganishwa upande wa pili. Programu kama Net2Phone zilifanya hivyo tangu miaka ya 1990, na Skype ikaja Agosti 2003.

Basi tatizo liliisha? Hapana. KPTC ilipogawanywa mwaka wa 1999, simu zikaenda kwa Telkom Kenya, barua zikaenda kwa Posta, na usimamizi ukapewa tume mpya, CCK. Telkom ikapewa miaka mitano ya ukiritimba wa mlango wa kimataifa, hadi Juni 2004. Katika miaka hiyo kupitisha simu za watu kwenye intaneti bila Telkom kulikuwa ni kuvunja sheria. Data ni halali, sauti ni haramu, na zote mbili ni sifuri na moja kwenye laini ile ile!

Mama anazikumbuka saiba za Moi Avenue za wakati huo. Mbele kompyuta za kusoma barua pepe. Nyuma, kwenye pazia, kompyuta mbili zenye vipaza sauti vya kuvaa kichwani. Hakuna tangazo ukutani. Unamnong'oneza kijana wa kaunta kwamba unataka kupiga, naye akiishuku sura yako anasema mashine imeharibika. Akikuamini, unaongea na Massachusetts kwa sehemu ndogo ya bei ya Extelcoms, sauti ikikwaruza kama redio iliyolowa. Mama yangu, mwalimu wa shule ya Jumapili, alikuwa mhalifu wa mawasiliano na hakujua.

Ukidhani natia chumvi kuhusu ukiritimba ule, angalia kisa cha KIXP. Novemba 2000 watoa huduma za intaneti wa Kenya waliunganisha mitandao yao sehemu moja hapa Nairobi. Kabla ya hapo, barua pepe kutoka Kangemi kwenda Westlands, safari ya matatu ya robo saa, ilipanda setilaiti hadi Marekani au Ulaya ndipo irudi. KIXP ilikuwa ya kuondoa upuuzi huo. Telkom ikalalamika kwamba haki yake imevunjwa, na baada ya wiki mbili hivi CCK ikaamuru mtambo uzimwe. Ulifunguliwa tena Februari 2002, baada ya mabishano marefu. Vifaa vilikuwepo, mafundi walikuwepo, waya zilikuwepo. Kilichokosekana ni muhuri.

Ukiritimba ulipoisha mwaka wa 2004, mambo yalianza kufunguka. Sauti kupitia intaneti ikapata nafasi halali, na kufikia 2006 kampuni za rununu zilikuwa zimepewa leseni za milango yao ya kimataifa. Na mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, likatokea jambo ambalo naamini halisifiwi vya kutosha. Celtel (ile Kencell ya zamani, baadaye Zain, leo Airtel) ilizindua One Network kati ya Kenya, Uganda na Tanzania. Ukivuka Busia au Namanga na laini yako ya Nairobi, ulipiga kwa bei ya wenyeji, ulipokea bure, na uliweza kununua kadi ya salio ya huko huko. Kabla ya hapo kupokea simu ukiwa Kampala kulikuwa ni kuchomwa mfukoni. Safaricom ikajibu mwaka wa 2007 na Kama Kawaida, ikishirikiana na mitandao ya nchi jirani. Malori, wafanyabiashara wa Kampala na wanafunzi wakapumua.

Mnara haukusogea, mpaka haukusogea. Kampuni moja iliacha kuuhesabu mpaka, na nyingine ikalazimika kufuata.

Serikali zenyewe zilichelewa. Oktoba 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mpango wa eneo moja la mtandao, kupokea simu bila malipo ya kuzurura na dakika isizidi senti 10 za dola, kisha Sudan Kusini ikajiunga. Sababu moja ya mpango huo ilikuwa magendo. Huenda nawe umewahi kupigiwa na ndugu aliye ng'ambo ukaona nambari ya 07 usiyoijua. Hiyo ilikuwa simu iliyoletwa kwa intaneti hadi chumba fulani, mara nyingi chumba cha kawaida tu cha kupanga, chenye kisanduku kilichojaa laini za simu, kisha ikapigwa kwako kama simu ya ndani. Mwenye kisanduku alikula tofauti ya bei. Palipo na tofauti kubwa kati ya gharama na ruhusa, magendo hayakosi.

Nisidanganye lakini: waya una kazi yake pia. Juni 2009 kebo ya TEAMS ilifika Mombasa kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu. Julai SEACOM ikaanza kazi, na mwaka uliofuata EASSy. Mwanga ndani ya kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo safari ya kilomita 5,000 ni sehemu 25 za elfu za sekunde. Ile nusu sekunde iliyomgonganisha baba na dada yake ikafutika. Bila kebo hizo, WhatsApp ilipoleta simu za sauti mwaka wa 2015 na za video mwishoni mwa 2016, tungebaki kutazama duara likizunguka. Lakini kumbuka kebo zililetwa na nini: serikali na kampuni ziliruhusiwa kushindana na zikaweka pesa. Ruhusa ilitangulia, waya ukafuata.

Na kalamu iliendelea kuonyesha nguvu zake. Agosti 2010 CCK ilipunguza ada ambayo mtandao mmoja humlipa mwingine kwa kuunganisha simu, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Siku hizo hizo Zain ikashusha bei ya kupiga hadi shilingi 3, na wengine wakafuata shingo upande.

Mimi mwenyewe niligonga ukuta huo nikiwa mwaka wa nne chuoni. Mradi wangu ulikuwa wa Kukhu. Yeye yuko kijijini Kakamega na simu yake ni mulika mwizi, ile ya tochi, betri siku tano. WhatsApp kwake ni hadithi. Nikatumia Asterisk, programu huria ya kuendesha mitambo ya simu: Kukhu anaflashi nambari fulani, seva inamtambua, inampigia, na wakati huo huo inamwita shangazi kwa intaneti na kuwaunganisha. Programu haikufika mistari mia tatu. Katika maabara ilifanya kazi vizuri sana, na mwalimu wangu akapiga makofi.

Kisha nikaipigia hesabu. Upande wa shangazi, Massachusetts hadi Nairobi: karibu bure. Upande wa Kukhu, kilomita za mwisho kutoka seva hadi mulika mwizi: kila dakika inalipiwa, na nambari yenyewe inakodishwa. Na kama ningetaka kuwaunganisha majirani pia, ningehitaji leseni. Alama nilipata, huduma sikuianzisha. Bahari yote ilikuwa imeshakuwa rahisi. Ghali ilikuwa ni kuingia mlangoni kwa nyanya yangu.

Kila siku nikienda kazini matatu hupita Waiyaki Way, mbele ya makao makuu ya CA (ndiyo CCK ilivyoitwa tangu 2014) na ya Safaricom. Zamani nilifikiri bei za simu hutengenezwa kwenye minara. Siku hizi huwa natazama madirisha ya majengo hayo mawili.

Ndiyo maana jibu langu kwa binamu lilikuwa na kasoro. Falme za Kiarabu, ambako kebo yetu ya TEAMS huanzia, zina intaneti ya kasi kuliko yetu. Lakini simu za WhatsApp kule zimezuiwa kwa miaka mingi, ujumbe tu ndio hupita. Zinazoruhusiwa ni programu zenye kibali. Mwaka wa 2018 BOTIM ilipopata kibali, ilikupasa kujiunga na kifurushi cha dirhamu 50 kwa mwezi. Saudi Arabia nayo ilizuia simu za intaneti mpaka Septemba 2017, ilipofungulia baadhi ya programu. Ni pazia lile lile la saiba ya Moi Avenue, ila sasa liko upande wa pili wa bahari.

Basi haya ndiyo niliyomwandikia binamu, na wewe unayesafiri uyachukue:

1. Kabla hujapanda ndege, zima data ya kuzurura kwenye laini yako ya Kenya. Usiitupe laini hiyo lakini. Ujumbe wa siri wa benki na wa M-Pesa utaufuata huko, hivyo iache ipokee ujumbe tu.

2. Nunua laini ya huko, au eSIM kama simu yako inaikubali, na itumie kwa data. Ndani ya Afrika Mashariki, uliza mtandao wako bei ya kupiga na kupokea kabla ya kuvuka mpaka, si baada ya kupata bili.

3. Kama unakwenda Ghuba, uliza ni programu gani zimeruhusiwa, ziweke kwenye simu yako na za nyumbani, na mzijaribu mkiwa sebuleni hapa. Usimtegemee rafiki anayekuambia "tumia VPN tu". Falme za Kiarabu zina faini kubwa kwa anayeitumia kukwepa sheria, na kibali chako cha kazi ni muhimu kuliko simu moja.

4. Kwa mwenye mulika mwizi, kuna huduma za intaneti zinazopiga nambari za kawaida kwa malipo. Skype ilikuwa maarufu kwa hilo mpaka ilipofungwa Mei 2025, na zipo nyingine. Tazama bei ya dakika ya kupiga rununu za Kenya, ada ya kuunganisha, na kama wanahesabu kwa sekunde au kwa dakika. Muulize shangazi yangu.

5. Kubalianeni siku na saa. Hili ni la tangu 1996 na halijapitwa na wakati.

Binamu amelichagua la tano. Jumapili saa kumi jioni saa za hapa, ambayo ni saa kumi na moja Dubai, mtoto wa jirani kule Kakamega atapeleka simu yake yenye intaneti kwa Kukhu. Tulifanya jaribio juzi, binamu akiwa Kangemi, Kukhu akiwa kijijini. Kukhu aliitazama sura kwenye kioo, akaongea dakika arobaini, kisha akauliza ni nani analipa. Tulipomwambia hakuna anayelipa hasa, hakuamini. Aliaga upesi upesi kwa mazoea, kama mtu anayesikia karani akigonga mlango wa kibanda.

Haya, kazi kwenu wasafiri. Wiki ijayo nikijaliwa nitaandika jinsi ya kuiweka Asterisk kwenye kompyuta kuukuu, kwa wale wanaotaka kujionea wenyewe mahali ambapo programu huishia na leseni huanzia.